Paja la Taifa

Si zamani sana na si mbali sana, ila tafadhali usichungulie dirishani ukidhani ndiko. Palikuwa na nchi iliyopiga njaa marufuku. Marufuku hiyo ilipitishwa na Baraza la Mawaziri kwa kauli moja, wakati wa chakula cha mchana, na inasemekana waziri mmoja alikuwa na kipande cha kuku mdomoni, hivyo kura yake ikapokewa kwa kutikisa kichwa.

Likabaki tatizo dogo. Wananchi hawakuacha kukonda. Walikonda hadharani, barabarani, mbele ya wageni wa kimataifa, bila haya. Waziri wa Shibe, mtu mwenye huruma na tumbo linalomtangulia mikutanoni, alihuzunika sana. Akatafakari. Kisha akatoa maneno ambayo sisi wa shule za bweni tulilazimishwa kuyakariri kabla ya uji:

"Ndugu zangu, wembamba ni jambo la nje. Unono ni jambo la ndani. Macho ya mpinzani huishia kwenye ngozi. Serikali yenu itatazama ndani."

Ndipo zikaja altrasaundi.

Mashine hiyo mnaifahamu. Ni ile inayowaonyesha kina mama watoto wao kabla hawajazaliwa. Lakini madaktari wanaweza pia kuitumia kujua mtu mzima ameundwa na nini. Unapakwa jeli ya baridi juu ya paja, kichwa cha mashine kinapita juu yake kama mashine ya kinyozi, na kwenye kioo inatokea picha: ngozi, chini yake tabaka la mafuta, kisha msuli wenye michirizi kama mkeka, na chini kabisa mfupa, mstari mweupe uliopinda. Daktari anapima unene wa msuli, anajua kama mgonjwa ananyauka au anarudi. Sharti ni moja: kichwa cha mashine kisikandamizwe, maana ukikandamiza, nyama inajibana na kipimo kinakuwa cha uongo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni pekee nchini iliyokataza kumkandamiza mwananchi, na ilitoka kiwandani, ng'ambo.

*

Uzinduzi ulifanyika katika hospitali ya wilaya yetu, iliyo mkabala na uwanja wa mpira wa shule. Waziri alitaka paja la kwanza liwe la kutia moyo. Wakapimwa wagonjwa wa wodi zote, na kila aliyelazwa mkeka wake wa msuli ulionekana umebaki ukindu mmoja mmoja. Waziri akauliza kama mashine imewashwa vizuri. Mganga Mkuu, aliyekuwa akingojea kupandishwa cheo tangu enzi alipokuwa na nywele, akakumbuka kwamba kwenye korido kuna kijana mmoja, amelala na askari pembeni.

Kijana huyo alikuwa Ambakisye wa kidato cha sita, winga wa kulia, fahari ya shule yetu. Asubuhi ile ile sisi wanafunzi tulikuwa tumeandamana kwenda kumwuliza Mkuu wa Wilaya kuhusu maharage. Maharage yetu yalikuwa na wadudu wengi kuliko maharage yenyewe, na Mkuu wa Shule alipoelezwa alitupongeza kwa kula nyama kila siku. Mkuu wa Wilaya alitupokea kwa fataki. Serikali ilisisitiza baadaye kwamba zilikuwa fataki, tena za kushangilia uzinduzi. Fataki moja ilimwingia Ambakisye pajani.

Wakampaka jeli. Sista Tumpe, muuguzi aliyeshika mashine, akaweka kichwa cha mashine taratibu bila kukandamiza, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Msuli ulikuwa mnene kama gunia. Katikati yake paling'aa kitu kidogo, na nyuma ya kitu hicho kivuli cheusi kilishuka hadi mfupani, kama kivuli cha mtu aliyesimama mbele ya taa.

"Hicho ni nini?" Waziri akauliza.

Mganga Mkuu alimtazama askari. Akaitazama picha. Akakitazama cheo chake, kikiwa mbali, kikimpungia mkono.

"Hiyo ni... nyota, Mheshimiwa."

"Nyota ya nini?"

"Ya uzalendo. Hutokea kwa wachache."

Sista Tumpe akabonyeza kitufe cha kugandisha picha ili aupime ule msuli. Waziri akamdaka mkono.

"Hapo hapo! Isiguswe tena. Mganga Mkuu, Katiba inasema nini kuhusu raia?"

"Raia wote ni sawa, Mheshimiwa."

"Sasa nieleze. Unawezaje kumpima kila raia paja lake mwenyewe, likatoka tofauti na la mwenzake, na Katiba ikabaki nzima?"

Ikaamriwa kwamba picha ile ni Paja la Taifa. Mashine yetu ikaitwa Mashine Mama, na kwa waya ikawa inapeleka picha yake kwa mashine zote nchini. Tangu siku hiyo kila raia alilazwa, akapakwa jeli kwenye paja lake, akaonyeshwa msuli wa Ambakisye, akapewa hongera. Kitufe kikawekewa ulinzi. Sitanii: alikuwepo askari mwenye kofia iliyoandikwa ASKARI WA KITUFE, na kazi yake ilikuwa kukitazama.

Ambakisye mwenyewe alichukuliwa kwa uchunguzi zaidi. Uchunguzi huo unaendelea hadi leo. Mama yake alipokwenda kuuliza, alipokewa kwa heshima, akapewa kiti.

"Mwanao hajambo kabisa, mama. Tumetazama leo asubuhi. Msuli wake uko vilevile."

*

Ukimwambia mtu kila mwezi kwamba ana kitu pajani, paja nalo mwishowe linasadiki. Watu wakaanza kuchechemea. Alianza mpishi wa shule, akafuata kasisi, kisha soko zima. Mawingu yakikusanyika, mji wote ulishika paja la kulia na kusema "ssss" kwa pamoja. Jeshi, kwa kuwa halikutaka kuonekana limeachwa nyuma na raia, likaufanya mchechemeo kuwa mwendo rasmi wa gwaride. Watoto wa chekechea walifundishwa wimbo wa nyota iliyo ndani yetu, nao waliuimba vizuri, huku wakijikuna.

Bwenini kwetu mambo yalikuwa ya aina nyingine. Viatu vya mpira vya Ambakisye tulikuwa tumeviacha chini ya kitanda chake, vikavu, kamba zimefungwa. Kila Jumamosi tukirudi kutoka uwanjani tulivikuta vina tope bichi. Nilishukiwa mimi. Naomba ieleweke, kwa heshima ya mizaha yangu mingine yote, kwamba ule haukuwa wangu. Mimi ningetia chura.

Aliyelala kitanda cha jirani alisema aliona blanketi likinyanyuka upande wa miguu, kama mtu anayepiga mpira usingizini. Mwalimu wa zamu akaandika kwamba ni upepo. Dirisha la upande ule halijawahi kufunguka tangu mkoloni.

Jirani huyo wa kitanda alikuwa Lusajo, mdogo wake Ambakisye na rafiki yangu. Yeye ndiye aliyekuja na jina langu la Kiroboto, kwa sababu, alisema, naudhi kuliko ukubwa wangu. Tangu kaka yake apelekwe kwenye uchunguzi, tumbo la Lusajo lilikataa kazi. Alichokula kilipita kama mgeni asiyependa wenyeji. Mkanda wake aliutoboa tundu kwa msumari, kisha tundu jingine, mpaka mkanda ukaanza kumzunguka mara ya pili.

"Kiroboto," akaniambia, "nikikonda tena kidogo nitapita chini ya mlango."

"Vizuri. Utatuletea sukari ya stoo."

"Na nikishindwa kurudi?"

Nikampeleka hospitali.

Mganga Mkuu alimpima kwa mikono na masikio, kama zamani, na nikamwona uso ukimbadilika. Akasema kwa sauti ndogo, "Tumbo lako halishiki kitu. Unatakiwa wodi ya lishe. Maziwa maalumu, kidogo kidogo, na uangalizi. Bila hivyo, mwanangu, hufiki likizo." Kisha akamwona Askari wa Kitufe anasikiliza, akapandisha sauti hadi ya mkutano wa hadhara. "Lakini kipimo cha Taifa kinaonyesha una msuli wa simba! Hongera sana, kijana!"

"Daktari," nikasema, "mguu wenyewe si huu hapa?" Nikapandisha kaptura ya Lusajo. Palikuwa na goti, na juu na chini ya goti hapakuwa na mengi.

Mganga Mkuu akaufunika haraka kama kitu cha aibu. "Huo," akasema, "ni wa nje."

*

Katika foleni ya vipimo alikuwepo kila mara mama mmoja aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi, amebeba mahindi ya kuchemsha ndani ya kitambaa, kama mzazi aliyekuja shuleni siku ya wazazi. Huyo alikuwa Mama Ambakisye, ambaye ni mama yake Lusajo pia. Watu walidhani anapenda kupimwa. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe.

"Tazama," aliniambia, akigusa kioo kwenye ule mstari mweupe wa mfupa. Palikuwa na kinundu kidogo. "Alianguka kutoka paa la jiko, anafuata mpira. Mfupa huu niliufunga mimi kwa vibanzi vya mianzi. Hicho kinundu ni mkono wangu. Watasema paja la taifa, sawa, waseme. Mimi najua nilipofunga."

"Mama, muda umekwisha," Askari wa Kitufe akasema. "Pongezwa, ushuke."

Siku hiyo nilikuwa na filimbi mfukoni, niliyoiazima kwa mwalimu wa michezo bila kumsumbua kwa kumwomba. Foleni ilikuwa imesinzia. Nikaona ni wajibu wangu kama raia kuiamsha. Nikapuliza.

Foleni iliruka. Picha nayo iliruka.

Nasema picha. Ile iliyoganda. Msuli ulijikunja mara moja, kwa nguvu, kama wa mtu anayetaka kutoka mbio, na kivuli cha ile nyota kikayumba, kisha vyote vikatulia.

"Ni umeme," Askari wa Kitufe akasema, akachechemea hatua moja nyuma.

Mama Ambakisye hakupiga kelele. Aliweka mahindi chini.

"Piga tena, mwanangu," akasema.

Nikapiga tena, na mguu ukaitika tena. Tangu hapo kila siku ya vipimo alinitafuta. Nilipiga filimbi, naye alimtazama mwanawe akicheza kwa muda wa pumzi moja, kisha aliketi ukutani na kunihadithia mechi ambazo hakuwahi kuziona.

Lusajo hakuja. Alikuwa hawezi tena kuvuka uwanja.

Ikafika siku nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko begi la vitabu, na mimi si mtu wa vitabu. Sista Tumpe alipomwona, aliacha kazi yake akaja karibu na mama.

"Mama, nisikilize kabla huyu askari hajamaliza chai. Kile kitufe kikibonyezwa mara moja, picha inaachia. Mashine itaonyesha paja lililopo kitandani. Mganga akiuona msuli wa huyu kwenye kioo, hana pa kukimbilia."

"Na ile picha?"

Sista Tumpe aliinamisha macho. "Hairudi. Haikuwekwa popote. Waya hupeleka kilichopo kiooni tu. Ikitoka hapa, imetoka nchi nzima."

Mama Ambakisye alikaa kitako sakafuni.

"Nikimwachia, nitamtembelea nani?"

"Usiiguse, mama," Lusajo akasema kutoka mgongoni kwangu. "Kaka yuko pale. Mimi bado nipo."

"Upo wapi?" Mama akaushika mguu wa Lusajo juu ya goti, kwa mkono mmoja tu. "Tazama. Kidole changu kimekutana na kidole changu. Wewe upo wapi hapo katikati?"

Mashine ilikuwa inanguruma polepole, kama mtu anayelala na mafua.

"Kila nikiwauliza," mama akasema, "wananiambia hajambo, msuli wake uko vilevile. Na mimi nikashika hilo neno, nikalifunga kwenye pindo la kitenge. Lakini aliye hai hawi vilevile, Lusajo. Aliye hai hunenepa, hukonda, huugua, akapona. Nimemtazama miezi yote hii hapungui hata unywele." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hajambo gani hiyo?"

Akasimama, akamlaza Lusajo kitandani, akampaka jeli yeye mwenyewe. Kisha akanigeukia.

"Kiroboto. Mwite."

Nilitia filimbi mdomoni. Nilijua safari hii anataka mlio gani. Si ule mfupi wa kuanzisha. Nilipiga mrefu, ule wa mwisho, ambao winga akiusikia huacha mpira uende unakokwenda na kutembea kuelekea kwa wenzake. Nilipiga mpaka kifua kikaisha.

Paja lilijikunja. Meza ikatikisika, kikombe cha Askari wa Kitufe kikaanguka, naye akatoka mlangoni kwa mwendo wa gwaride. Halafu kwa mara ya kwanza tuliuona ule msuli ukilegea. Ulilegea wote, taratibu, kama mtu aliyevua viatu.

"Pumzika, baba," mama akasema. "Mdogo wako anataka nafasi."

Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi kidogo. Kisha ikatokea ngozi, na mara tu chini ya ngozi, karibu kabisa, mfupa. Kati ya ngozi na mfupa palikuwa na uzi mwembamba wa msuli, na uzi huo ulikuwa unatetemeka.

*

Wakati ule ule mashine zote nchini ziliachia. Mkoa wa jirani, mzee mmoja alikuwa katikati ya kupongezwa, mara msuli ukamtoka kiooni. Kasisi wetu aliona paja lake halina nyota, akapiga magoti, akainuka, akagundua hachechemei. Kufikia jioni soko zima lilitembea wima, kila mtu akimtazama mwenzake kwa aibu, maana sasa kila mtu alijua mwenzake amebaki kiasi gani.

Serikali haikuyumba. Redio ilikatiza muziki, ikatangaza kwa masikitiko kwamba mashine zote za taifa zimepatwa na utapiamlo wa ghafla. Dalili zilikuwa dhahiri: zilikuwa zikionyesha misuli myembamba. Ikaamriwa zilazwe mara moja katika wodi za lishe, zipewe mashuka, mayai, na maziwa maalumu asubuhi, mchana na jioni mpaka zipate nafuu.

Basi Mashine Mama ikasukumwa hadi wodi ya lishe, ikafunikwa shuka. Lakini nyote mnaijua desturi ya hospitali zetu: mgonjwa halazwi bila ndugu wa kumwuguza, na anachoshindwa kula mgonjwa, ndugu hukimaliza, kwa sababu kumwaga chakula ni dhambi.

"Nani ndugu wa mgonjwa huyu?" Mganga Mkuu akauliza, akiitazama mashine.

Sista Tumpe akamsogeza Lusajo mbele, na mama yake nyuma yake. "Hawa. Wamekuwa wakiitembelea siku zote."

Mganga Mkuu alimtazama Lusajo kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. "Ndugu wa mgonjwa alale hapo hapo," akasema. "Na maziwa apewe yeye, amnyweshe mgonjwa kidogo kidogo. Kidogo kidogo, umesikia? Mgonjwa asipotaka, usimlazimishe."

Mgonjwa hakutaka hata siku moja. Nasikia wilaya nyingine mashine zao nazo hazikuwa na hamu ya kula, na ndugu zao walikuwa wengi.

Kila wiki Sista Tumpe aliivua mashine shuka, akampima Lusajo bila kukandamiza. Mkeka ulikuwa unasukwa upya, ukindu baada ya ukindu. Mama alikaa pembeni akiutazama unavyobadilika, na kila ulipobadilika alicheka na kulia kwa pumzi ile ile. Bwenini, viatu vya chini ya kitanda vilibaki vikavu. Nilivipiga kiwi. Mzaha huo ndio wangu.

Halafu Waziri wa Shibe akaja kuwajulia hali wagonjwa.

Alikuja na maua na waandishi wa habari. Tulimsikia kabla hatujamwona: hatua nzito, halafu ya kuburuta, nzito, halafu ya kuburuta. Nchi nzima ilikuwa imeacha kuchechemea. Yeye bado.

"Poleni," akaiambia mashine, akaweka maua juu yake. "Taifa linawaombea." Mashine haikujibu. Lusajo, mdomo wenye utando wa maziwa, akaijibia kwa heshima: "Tunaendelea vizuri, Mheshimiwa."

Waziri akawageukia wapiga picha. Akasema atauthibitishia ulimwengu kwamba mashine zimepona, na kwamba unono wa ndani upo. Akajilaza kitandani, kitanda kikalalamika, akapandisha suruali. Sista Tumpe akaweka jeli. Akaweka kichwa cha mashine, taratibu, bila kukandamiza.

Yalitokea mafuta, mengi, tabaka juu ya tabaka, hadi kioo kikakaribia kwisha. Chini kabisa palikuwa na msuli kidogo. Na ndani ya msuli huo kitu kidogo kiling'aa, na nyuma yake kivuli cheusi kikashuka hadi mfupani.

Kamera ziliacha kulia.

"Nyota," Mganga Mkuu akaanza.

Mama Ambakisye aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akasogea karibu na kioo, akakagua mfupa kwa makini kama anayetafuta mkono wake, asiuone.

"Mheshimiwa," akauliza kwa upole, "wewe hii uliipatia wapi?"

Waziri alifungua mdomo. Nataka niseme wazi, na Lusajo ni shahidi, na sista, na wale waandishi wote: mikono yangu ilikuwa juu, nimeshika shuka la mashine. Filimbi ilikuwa mfukoni, na mfuko ulikuwa na kifungo. Lakini sote tuliusikia mlio, ndani ya wodi ile ile, karibu kabisa na kitanda, na mguu wa Mheshimiwa ukaruka juu peke yake, ukapiga hewa, ukarudi, ukajiandaa kuruka tena.

Mlio haukuwa ule mrefu wa kumaliza. Ulikuwa mfupi, wa kuanzisha.